Ufunguo

Kifaa cha kushtua moyo kilikuwepo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.
Kilifungiwa ofisini mwa mwalimu mkuu,
ufunguo mfukoni mwake,
mwenyewe yuko Ljubljana, mkutanoni.

Jernej alianguka dakika ya kumi na saba,
mpira ukaendelea kudunda peke yake sakafuni.
Wakadhani amejikwaa. Wakamletea maji.
Maji!

Sasa nazunguka shule za Velenje na vijiji vyake
na mdoli wa mpira kwenye buti la gari
na donge la unga nililokanda alfajiri.
Moyo ni msuli, nawaambia, huu hapa ukuta wake.
Nabinya unga mpaka pande mbili zikaribie kubusiana.
Wa mwanangu ulinenepa hivi, kimyakimya,
damu ikakosa pa kukaa.
Alikuwa ameshazimia mara mbili, ngazini.
Nilimwambia ale vizuri asubuhi.

Basi: anayezimia akikimbia apelekwe kwa daktari, si jikoni.
Aliyeanguka, haitiki, hapumui sawasawa
(kukoroma si kupumua),
piga simu, tuma mtu akalete kifaa,
viganja katikati ya kifua, kwa nguvu, kwa haraka,
usihurumie mbavu.
Kifaa chenyewe kitakuelekeza.

Nyuma kabisa Zdenka, mpishi wa shule,
anainua mkono uliokunjamana kwa maji ya moto:
"Na cha kwetu kiko wapi?"
Walimu wanatazamana.
Mmoja anatazama saa.

Naketi juu ya meza, unga mkononi.
Siendelei mpaka mtu ainuke akakitafute.