Kamusi ya Bukuru

Alinitangulia kutoka tumboni, kama nusu saa,
ndiyo maana yeye Bukuru, mimi Butoyi.
Mengine yote nilimtangulia:
kutembea, kuhesabu, kuoa,
kupasuliwa.

Maneno yake hayakufika arobaini.
"Ndege" ilikuwa chochote kiendacho mbali,
treni ndani yake, na baba ndani yake.
"Tamu" ilikuwa mawese yakitoka motoni,
povu jekundu alilolamba kidoleni
pale Mwandiga, kwenye kinu cha Ntakije,
alikozungusha mpini toka alfajiri
kwa ujira wa ugali na dagaa.
Na "baridi",
hili nalisema polepole,
"baridi" ilikuwa maumivu.
Mama alilijua. Mama alikwisha kufa.

Jumatatu alisema baridi.
Mimi, niliyelala naye tumbo moja,
nikamvisha sweta.

Alhamisi, zahanati. Mganga akaniuliza mimi,
"Huyu ana nini?"
Bukuru akajibu mwenyewe: "Baridi,"
na kiganja kulia, chini ya kitovu.
Mganga akasikia baridi, akaandika malaria.
Kipimo kikakataa; vidonge akapewa.
Nikauliza habari ya kile kiganja.
"Hawa wenzetu ndivyo walivyo, hujishikashika."
Njiani hakulia. Aliuma mkono wa sweta
mpaka uzi ukaachia.

Mimi nina mshono upande uleule.
Mwaka ule nilisema "linauma,"
neno ambalo kila mtu analo,
na kabla ya magharibi nilikuwa mezani,
taa kubwa usoni, watu watano
wakinihangaikia kwa jina langu.

Msibani wakasema amepumzika.
Wakasema, Butoyi, Mungu amekutua mzigo.
Mzigo!
Mapipa ya msiba yalikaa makavu hadi saa nne,
wanawake na masufuria yao
wakitazama kona ya njia,
wakimngoja yule abebaye maji.

Miaka thelathini na mmoja.
Kwenye karatasi, mahali pa sababu ya kifo,
wameandika ulemavu wa akili,
kana kwamba akili ndiyo iliyopasuka.

Juzi usiku binti yangu kasimama mlangoni:
"Baba, baridi."
Nilimbeba mbio mpaka barabara ya lami,
peku, nikipungia taa za pikipiki,
naye akinitazama, akishangaa.
Shuka tu lilikuwa limemwanguka.