Daftari la Vipimo

Bendi nyingine zina kanda, zina picha, zina mabango.
Nyuzi Kavu wana daftari langu,
jalada jekundu, kona zimetafunwa na mende,
hapa Mtaa wa Tandamti,
juu ya duka la misumari.

Ukurasa wa nne, mwaka sitini na nane:
watu watano, suti tano, kijivu, tetroni.
Pazi Kilumanga, banjo. Kiuno ishirini na nane.
Gervas Haule, mandolini. Mikono mirefu kuliko mwili.
Ambilikile, besi. Kondo Mkude, fidla.
Na Shomvi wa gitaa, aliyekataa kuvua kofia,
nikampima nayo.
Hawakuwa na ngoma, hawakuwa na tarumbeta.
Watu wakauliza, "Bendi gani hii isiyo na ngoma?"
Pazi akajibu, "Ngoma ni miguu yenu."
Banjo aliipata kwa mpishi wa meli ya mizigo
aliyeshindwa kulipa deni la pweza kule Kurasini.

Pembeni nimeandika kwa penseli:
bega la kushoto la Pazi limeshuka nusu inchi.
Ni mkanda wa banjo. Nikaweka pamba, nikanyamaza.
Fundi hatangazi mwili wa mtu.

Sabini na tatu: bugaluu, inchi ishirini na sita chini.
Hiyo ndiyo ilikuwa miaka yao.
Temeke, Mchikichini, Ilala, harusi tatu Jumamosi moja,
na redioni wakarekodi nyimbo sita
ambazo baadaye mtu alizifuta
akarekodi hotuba ya kilimo cha pamba.
Viuno vyote vimeongezeka.
Wali wa harusi hausemi uongo.

Themanini na tatu hakuna kitambaa.
Mstari mzima nimeandika neno moja: pazia.
Pazia la kijani la shangazi yake Haule,
maua makubwa mgongoni,
na watu wakadhani ndiyo mtindo mpya.
Kiuno cha Pazi: ishirini na saba.
Uzi wa banjo ulipokatika akafunga waya wa breki ya baiskeli.
Ikawa inalia kama mtu mwenye mafua,
lakini ilikuwa inalia.

Halafu tisini na nne.
Kinanda kimoja cha umeme kilifanya kazi ya watu wanne
na hakikuomba chakula.
Wakagombana. Si pesa, pesa haikuwepo.
Waligombea jina.
Asubuhi Haule na Shomvi walikuja kushonesha sare za Nyuzi Kavu.
Mchana Pazi na Kondo wakaja kushonesha sare za Nyuzi Kavu.
Jioni akaja Ambilikile, peke yake,
akasimama mlangoni:
"Mimi umeniandika upande gani?"

Nikawashonea wote rangi moja, na sikuwaambia.
Wakaja kukutana Buguruni, kwenye harusi
ambayo upande wa bwana umekodi Nyuzi Kavu
na upande wa bibi umekodi Nyuzi Kavu.
Wakatazamana, koti kwa koti.
Walipiga pamoja mpaka alfajiri,
kisha wakaenda zao bila kuagana.

Baada ya hapo kurasa zina nafasi.
Kondo, nimepiga mstari.
Shomvi, mstari. Kofia iko hapa msumarini,
alileta kushonwa ukingo, haikufuatwa.
Haule alirudi Mbinga, mara moja aliniletea kahawa.
Ambilikile sijui.
Pazi, mwaka juzi.
Sanda haina kiuno wala bega; haimo humu.

Jana mjukuu wake, Mwinyimvua, kaleta lile koti la kijivu
nilipunguze, ana usaili Jumatatu.
Nikapitisha futi mabegani.
Kushoto, nusu inchi chini.
"Unapiga nini?" nikamuuliza.
"Sipigi kitu, mzee. Ni begi tu. Nasambaza vyakula kwa pikipiki."

Nikafumua bitana. Pamba ipo, imekuwa ya njano,
imegandamana kama mkate wa juzi.
Nikairudisha palepale.
Kiuno: ishirini na nane.
Nikaandika.