Swali la Nyamizi

Kidato cha tatu, Cheyo, saa saba na nusu mchana,
bati linalia kwa joto, chaki inanikatikia mkononi.
Nimechora bahari nyembamba kama utumbo wa mbuzi,
huku Asia, kule Uyunani,
katikati merikebu zimefungwa ubavu kwa ubavu
ili Mfalme wa Waajemi avuke asiloweshe kiatu.

Nikawaambia: dhoruba ilipozikata zile kamba
mfalme aliagiza bahari ichapwe,
viboko mia tatu.
Darasa likacheka hadi Lugalila akaanguka na benchi.
Nikaendelea: askari wasiohesabika,
farasi, ngamia, mito iliyonywewa ikakauka,
na kwenye kijia kati ya mlima na maji
wale mia tatu wa Sparta na wenzao
waliosimama mpaka mikuki ikavunjika,
wakabaki na visu, kisha na meno.

Hapo wavulana wakasahau kupumua.
Nilijua kengele ikigonga watatoka na fito,
nusu Waajemi, nusu Wayunani,
na mahindi ya shule yatakiona cha mtema kuni.

Nyamizi akanyoosha mkono.
Huyu hukaa dirishani, huandika kidogo.
"Mwalimu, unga wao ulibebwa na nani?"

Nikafunua kitabu.
Wafalme wamo, na majina ya baba zao yamo,
idadi ya merikebu imo,
hata ndoto aliyoota mfalme kabla ya safari imo.
Mwenye kichwa chini ya gunia
hayumo.

Swali hilo, hapa Tabora, lina miguu.
Lilitoka hapa kwenda pwani, miezi mitatu,
njuga za kirangozi zikitangulia,
pembe begani, frasila mbili, jua, tope, ndui,
likarudi na nguo, shanga, baruti,
au halikurudi.

"Babu wa bibi yangu alikuwa na sugu begani," akasema.
"Walipoosha maiti yake
lilikuwa bado gumu kama kisigino."
Akaketi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Miaka kumi na moja nimefundisha vita hivi
bila kuhisi uzito wowote.

Sikuwa na jibu. Nikampa chaki.
Akachora mtu mmoja mdogo nyuma ya ngamia wa mwisho,
shingo imezama, kichwani duara.
Akachora mwingine. Lugalila akaja kusaidia,
kisha Nkwabi, kisha benchi zima la nyuma.
Ubao ukajaa. Wakahamia ukutani,
juu ya lipu ya serikali iliyopakwa mwaka jana,
watu wadogo, mmoja nyuma ya mwingine,
wakapita chini ya dirisha, wakapita kabati la ramani.

Kengele ikagonga, hakuna aliyetoka.
Stesheni, treni ya Kigoma ilikuwa ikipiga honi.
Mstari ulipofika mlangoni
chaki ikaisha.