Kiyoyozi Kiliwika

Adhana ya alfajiri ndiyo saa yangu
tangu Mama Thuraya achukue simu.
Muadhini wa Ibra hanijui,
lakini huniamsha kwa wakati
aseme zake, nami niseme zangu.
Sina ugomvi naye.

Nasali nimesimama, pasi mkononi.
Kanzu kumi na nne, za baba na wanawe:
kola, kifua, mkono wa kulia, wa kushoto.
Mvuke unapanda usoni
na midomo yangu haitikisiki.
Hivyo nilijifunza, baada ya Biblia.

Ilikuwa ndogo, ya kuingia mfuko wa aproni,
kona moja ina doa la chai ya nyumbani, Wundanyi.
Niliikuta ndani ya taka
chini ya miiba ya changu na ndimu kavu.
Nikaokoa ukurasa mmoja tu,
nao ni orodha ya majina: fulani akamzaa fulani.
Ningechagua mwingine, Bwana.
Lakini nimeutunza. Nao walikuwa watu.

"Yaseme yale maneno," Mama Thuraya huniambia,
bila hasira, kama anayenipunguzia bei.
"Hayazidi pumzi moja.
Mshahara wa miezi minne huu hapa. Pasipoti hii hapa.
Mwadime atarudi shule."
Jina la mwanangu nilimpa mwenyewe,
siku za mwanzo, tulipokuwa tukicheka.

Kisha Jumatano moja, baada ya soko la wanawake,
wageni wakajaa barazani na vitambaa vyao.
Mmoja akauliza, "Huyu wenu, dini gani?"
Mama Thuraya akanijibia:
"Ameshasilimu. Anaitwa Maryamu."
Wakafurahi, wakanitunza riyali mbili.
Nami nilishika dele,
nikamimina. Cha kwanza, cha pili, cha tatu.
Halikumwagika hata tone.

Hakuna jogoo katika nyumba ile, Bwana, unajua.
Lakini usiku ule, chumbani kwangu juu ya paa,
kiyoyozi kibovu kilikohoa, kikakohoa,
kisha kikawika.

Jumatano iliyofuata, wageni walewale,
dele lilelile. Magoti yalinicheza.
Nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni,
"Mimi si Maryamu. Ni Serafina Wakesho,
na bado ni Mkristo. Niongeze kahawa?"
Mmoja alicheka. Mmoja akaweka kikombe chini.
Zile riyali mbili niliziacha kwenye sinia,
kando ya tende.

Tangu hapo mlango wa paa hufungwa kwa nje.
Agosti. Tangi liko juani, bomba linaunguza;
naoga usiku wa manane.
Kofi lilikuwa moja. Nalitaja hivyo
nisije nikaliongeza.

Mchana hunifungulia nimgeuze Bibi Zuwena,
mkwewe, aliyelala tangu kiharusi.
Mwaka mzima sikumsikia akitamka neno.
Nilimsugua mgongo nikinong'ona,
nikidhani Kiswahili ni chumba changu cha ndani
ambacho nchi hii haina ufunguo wake.

Jana, nikiwa katikati ya sala,
nusu ya mdomo wake ikasogea:
"Sauti, mwanangu. Sikio hili halisikii vyema.
Miye nimezaliwa Wete."

Kitambaa kikaniponyoka, kikazama beseni.
Mwaka mzima! Kila jina nililolitaja,
kila shitaka juu ya mke wa mwanawe.
Atasema? Sijui hata sasa.
Alifumba jicho moja, lile linalofumbika,
akangoja.

Nikaanza upya, toka mwanzo,
kama mtu anayemsomea mgonjwa barua,
na nilipofika pale pa kusamehe
jina la Thuraya lilinikwama kama mwiba wa changu.
Nikakohoa. Nikalitaja.
Kisha nikamgeuza Bibi upande wa pili.