Kundi la Damu

Mama alianza na maua.
Vyungu kumi na vinne, ghorofa ya kumi na moja,
akavishusha kimoja kimoja kwa lifti
hadi kwa jirani, Bi Pyo, asiyejua hata kumwagilia.
Udongo una vijidudu, daktari alisema.
Kisha mapazia. Kisha zulia.
Kisha paka, aliyelia njia nzima hadi kwa shangazi
utadhani yeye ndiye mgonjwa.

Ni Novemba. Daegu nzima inanuka kitunguu saumu na pilipili,
kila nyumba inachachusha kabichi za majira ya baridi.
Mama ameloweka arobaini kwenye chumvi
ndipo akakumbuka:
Sanguk hataruhusiwa kuonja. Mwaka mzima, pengine zaidi.
Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa,
glavu nyekundu hadi viwikoni,
akazitazama.
Halafu akaendelea kupaka pilipili, jani kwa jani.
"Za miaka miwili ndizo tamu," alisema,
na hakuna aliyembishia.

Mimi nadungwa sindano za kuamsha uboho.
Nyonga zinagonga kama mdai mlangoni,
na mdai, kusema kweli, ni mimi:
miaka mitatu sikumsemesha kaka yangu
kwa ajili ya won milioni kumi na mbili
na duka la miwani lililofilisika.
Miaka hiyo yote Mama alishika jembe, akalima kivyake.
Sasa ameshika kapu,
lakini hathubutu kuchungulia ndani.

Kumi kwa kumi, karatasi ya maabara ilisema.
Sisi, ambao hatujawahi kulingana hata kwenye chumvi ya supu.

Bibi ana hesabu yake.
Anaamini tabia ya mtu imo katika kundi la damu.
Sanguk ni A: mpole, mpangaji,
huomba radhi hata kwa kiti alichokigonga.
Mimi ni B, na Bibi huitamka B
kama anayetema mbegu.
Nilipomweleza kwamba, uboho wangu ukishika,
damu ya Sanguk nayo itageuka iwe B,
alikaa kimya, akalisogeza bakuli lake la wali.
"Wawili," alisema. "Ndani ya nyumba moja."
Kisha: "Basi na wawe wawili."

Hospitalini siku huhesabiwa kinyumenyume.
Leo ni kasoro tatu.
Ya sifuri itakuwa yangu na yake,
mfuko mmoja mwekundu, na saa chache tu, wanasema,
kama kungojea treni ya pili.

Usiku alipiga simu kutoka nyuma ya kioo,
sauti imepauka, mdomo umejaa vidonda.
"Geumran, nikishakuwa B,
nitaanza kukudai mimi?"

Nilicheka, mfupa ukauma.
Sikuwa na jibu.
Jikoni Mama alikuwa akichemsha vijiko,
vilevile alivyovichemsha asubuhi.