Saa Moja ya Nini

Stima ilipotea nikiwa nusu ya kichwa cha Andayi.
Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza mkononi,
ingali na joto.
Ilikuwa tarehe tisa Disemba. Transfoma ya soko la Luanda
ilitoa moshi, kisha harufu ya mafuta, kisha soko zima likasema "aah"
kwa sauti moja, kama kanisani.
Andayi nilimmalizia kwa mkasi, mlangoni.
Akaondoka na ngazi kisogoni. Hakulipa, sikumdai.

Tangu siku hiyo nanyoa kwa mwanga wa Mungu:
benchi nje, kioo kimeegemea mtungi wa gesi.
Jua likishuka nyuma ya kinu cha Ongayo, nafunga.
Na Krismasi hiyo inakuja, vichwa vya Bunyore yote vimeota!
Wa Nairobi wanashuka na mabegi, wanauliza, "Itarudi lini?"
Mafundi walikuja, wakatazama juu, wakapiga picha, wakaenda.
Kwenye nguzo nyigu wameshaanza kujenga.

Dada yangu Ayuma yuko Ufini, kaskazini kabisa,
anaogesha wazee wa watu.
Anasema jua la huko lilizama mwisho wa Novemba
na halitaonekana hadi katikati ya Januari.
Si mawingu. Halipo. Limekwenda zake.
Mchana ni rangi ya maji yaliyooshea sufuria,
saa mbili tatu hivi, kisha giza tena.
Kwa hiyo kila dirisha wameweka taa, hata la choo,
na kikongwe mmoja wa miaka tisini na minne
humwuliza kila akimvalisha soksi, "Limerudi?"
kama anayeuliza habari za mume.

Nikacheka. Nikamwambia, walio gizani ni sisi,
nyinyi mna stima.
Akanyamaza. Kisha: "Kaka, huku nimeshindwa kutaja saa.
Mama alitufundisha saa moja ni jua limetoka, limekaa kidogo.
Sasa naamka, nasema saa moja. Saa moja ya nini?
Saa moja tangu nini?"

Sikuwa na jibu. Hapa kwetu, jirani ya ikweta,
jua ni karani wa zamani:
kumi na mbili unusu kazini, kumi na mbili unusu nyumbani.
Halijachelewa hata siku moja tukapata kulishukuru.

Alfajiri ya Krismasi nilipanda jiwe kubwa nyuma ya boma,
simu ina asilimia sita.
Chini koroboi zilikuwa zinawashwa, moja hapa, moja kule,
na mtu fulani alishaanza kumfukuza jogoo wa sikukuu.
Ayuma akatokea, macho yamevimba kwa zamu ya usiku,
nyuma yake dirisha jeusi, taa, na kikongwe wake kitini,
blanketi hadi kidevuni.
Sikusema kitu. Nikageuza simu upande wa Nandi.

Lilitoka likiinama, kama mtu mrefu kwenye mlango mfupi.
Lilipokwisha kusimama nikamsikia kikongwe akisema neno,
moja tu, kwa lugha yake.
Ayuma hakulitafsiri. Alikuwa analia, au mtandao ulikuwa unakatika.
"Anza kuhesabu," nikamwambia,
na simu ikazima.

Nikashuka. Benchi lilikuwa limejaa.
Andayi wa kwanza kwenye foleni, na deni lake mkononi.
Stima bado.
Ngazi pia bado, ukijua pa kutazama.