Kifungo cha Tatu

Saa kumi na mbili na nusu, Kariobangi.
Chai inafurika jikoni, hakuna anayeitazama.
Nimeweka mikono nyuma,
mmoja umeukamata mwenzake usiponyoke.
Kyalo anafunga shati.

Kifungo cha kwanza kimepita.

Alipozaliwa alichelewa kulia.
Dakika ngapi, hawakutuambia;
waliandika maneno kwenye kadi,
mama yake akaikunja akaitia chini ya godoro.
Mkono wa kushoto ukabaki ngumi,
kidole gumba ndani, kama anayeficha shilingi.
Jirani mmoja akasema, huyu atakuwa tajiri.
Jirani mwingine akasema mengine,
tukanunua mafuta ya upako, chupa tatu.

Mimi ni fundi wa sufuria.
Bati likipinda naijua dawa yake: nyundo.
Basi usiku, akiwa amelala,
nilivikunjua vile vidole kimoja kimoja.
Vilikubali.
Asubuhi nikakuta vimerudi kwao.

Tukaelekezwa chumba cha mwisho kwenye korido,
mlangoni pameandikwa TIBA YA KAZI.
Nikacheka, wala si kwa furaha.
Kazi gani? Ana miaka mitatu.
Mnataka abebe mawe?
Bi Naliaka hakucheka, hakununa.
Akamwaga ndengu kwenye karai,
akazika humo kigari cha plastiki,
akasema, kazi yake ni kukitoa.

Halafu akachukua soksi
akaufunga mkono wa kulia,
ule mzima, ule unaojua kila kitu.
Kyalo akalia kile kilio alichochelewa nacho.
Nikasimama. Mama, unamfunga mwanangu?
"Nusu saa tu," akasema. "Kaa."

Nikakaa.

Tulirudi nyumbani na kazi zetu:
vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo,
ndizi ya kumenya,
donge lake mwenyewe la unga wa chapati
lililokandwa mpaka likawa la kijivu
na dada yake akaapa hali.
Siku nyingine hakutaka.
Siku nyingine ni mimi sikutaka,
oda zimenijaa, nikamvisha upesi
kama mtu anayefunika sufuria.
Nauli ikakosekana miezi miwili, ngumi ikaanza kujikunja tena,
na Bi Naliaka hakunigombeza, ingawa nilitaka anigombeze.
"Haitaisha," aliniambia. "Itazoeana naye."

Nikachonga ubao,
nikapigilia juu yake kifua cha koti kuukuu la Gikomba
lenye vifungo vikubwa kama sarafu ya ishirini.
Kitu cha kwanza kukitengeneza bila kuuza.

Lugha yetu ni bahili, ina neno moja:
kifungo cha shati, kifungo cha jela.
Ndugu yangu alipewa cha miezi sita, Industrial Area,
akatoka, akanenepa, akaoa.
Huyu mtoto kifungo kimoja,
cha koti, kikubwa,
kilimchukua miezi tisa.

Cha pili kimepita.

Tazama vizuri, maana hata mimi nilikuwa sioni:
mkono wa kushoto haufungi chochote.
Unashika ukingo wa shati, basi,
wakati wa kulia unasukuma.
Unatetemeka, unashika.
Miaka minne, ndengu magunia mangapi,
ili mkono mmoja ujue kumshikia mwenzake.

Kengele ya shule haimngoji mtu.
Ulimi umemtoka pembeni, jasho puani,
mikono yangu huku nyuma inapigana.
Kifungo cha tatu kinachungulia,
kinarudi,
kinachungulia,
kimeingia

tundu la nne.

Kola imepanda sikioni upande mmoja,
tumbo limeachwa dirisha.
"Tayari," anasema. "Twende."

Nalitazama lile pindo.
Mimi, fundi.
Nafungua mlango.